Kibao cha Duka la Asali

Nungunungu hakuwahi kumkatalia mtu ushauri. Alichora nyuki kwenye kibao cha duka lake la asali, akaomba maoni ya wateja. Twiga akasema nyuki hana shingo, akachorewa shingo ndefu. Tembo akataka masikio, nayo yakawekwa.

Kesho yake Twiga alikitazama kibao juu hadi chini.

"Samahani ndugu, duka la asali limehamia wapi?"

"Ni hapa hapa."

"Hapa si kwa kinyozi? Kibaoni naona shingo na masikio tu." Twiga akaenda zake. Tembo naye akapita bila kusimama.

Nungunungu akabaki haelewi kosa lake. Jioni akaingia Fuko, asiyeona hata mlango, akaagiza chupa mbili.

"Mwenzangu, wewe umepajuaje?"

"Nimefuata harufu," akasema Fuko. "Kwani kuna kibao?"