Alama za Rwegasira

Siku hizi besiboli haichezwi na watu. Mashine husoma alama za kupiga za kila mchezaji na kuicheza mechi yenyewe, huku wachezaji wakisikiliza redioni, wamekaa kwenye makochi kama waheshimiwa.

Rwegasira alikuwa na alama tisini na moja. Alifariki miaka sita iliyopita, lakini mama yake, Kokushubila, hakukiarifu chama cha besiboli, na mashine haikuuliza. Kila Jumamosi marehemu alipiga mipira ikavuka ukuta, na mama akashangilia hadi kanga ikamdondoka.

"Mama, tumfute jina apumzike," Alinda, binti yake, alimsihi.

"Mtu kapiga mitatu leo, utamzikaje tena?"

Jumamosi hii Rwegasira alikosa mipira yote. Alinda akafungua barua ya chama: alama zake zilikuwa zimeshuka hadi hamsini kwa sababu ya umri, na zingeendelea kushuka.

Mama akatabasamu. "Kumbe anazeeka," akasema. "Kama watoto wa wenzangu."

Alinda akaikunja barua.

"Na zikifika sifuri, mwanangu?"

Alinda akaongeza sauti ya redio.