Tangazo la Tatu

"Simama," sauti ilimwambia Eugenia, naye akaushika ubao wa benchi kwa mikono miwili asije akainuka.

Mbele ya kanisa, Zawadi na Saburi walikuwa wamesimama bega kwa bega. Ndiyo desturi ya usharika ule wa Kongowe: wachumba hutangazwa Jumapili tatu, na kila mara husimamishwa mbele waumini wawaone. Mchungaji alikwisha kusoma majina. "Mwenye pingamizi asimame," akasema, kisha akanyamaza. Hii ilikuwa Jumapili ya pili. Zawadi aligeuza shingo, akawa anawapitia watu benchi kwa benchi. Anaangalia nani kaja na nani kasusa, Eugenia alijisemea. Bibi harusi hakosi madaha.

Hakuna aliyesimama, ibada ikaendelea. Eugenia hakusikia neno hata moja la mahubiri.

Zawadi alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Alimlea tangu hajaota meno, na sasa walikuwa wakipika pamoja kwenye kibanda chao cha chakula, wateja wao wakubwa vibarua wanaokwenda kazini bandari kavu ya Kwala. Saburi alitoka Kisarawe, mfugaji wa kuku, mpole mpaka unamshuku. Na Eugenia alimshuku kweli. Kijana gani habishi, hakasiriki, hata chumvi ikizidi anasema ahsante? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu siku ya posa sauti ile ilikuwa ikimjia akiosha masufuria, ikimjia akipiga magoti: binti huyu asiende.

Shida ni kwamba aliishuku na sauti yenyewe.

Alimweleza jirani yake Mwanahalima, mwenye ndugu lukuki kule Kisarawe. Mwanahalima alikwenda kuulizia, akarudi amebinua midomo.

"Shoga yangu, nimeuliza mpaka kwa wasiompenda. Hata sisimizi hajamkanyaga! Hebu niambie ukweli, unamkataa mkwe au unamlilia mpishi?"

Eugenia alicheka, lakini neno lilimchoma. Zawadi akiondoka, nani angeamka kukanda unga wa chapati? Nani angemwitikia akizungumza peke yake jikoni?

Akaenda kwa mchungaji.

"Mchungaji, mtu anajuaje kuwa anayesema ni Mungu, si yeye mwenyewe?"

Mchungaji alimsogezea kiti. "Mama, mawazo yetu yana tabia ya kutupendelea. Jiulize: sauti hiyo ikisikilizwa, nani atafaidika?"

Hakuwa na haja ya kujiuliza mara mbili. Aliona haya, akaaga.

Hata hivyo alitaka kujionea kwa macho yake. Katikati ya wiki yeye na Zawadi walipanda Kisarawe kuiona nyumba ya Saburi. Nyumba safi, bati jipya, banda la kuku halitoi harufu. Saburi aliwalaki njiani, akamwamkia Eugenia kwa kuinama, akamletea maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe. Eugenia alikagua kila pembe kama anayetafuta panya, asimpate.

"Zawadi," aliuliza walipokwisha kula, "huku kwaya utaimba wapi?"

"Kwaya atapumzika, mama," Saburi alijibu kwa upole. "Kuimba kunamchosha."

"Mwenyewe unasemaje, mwanangu?"

"Amefurahi, mama," alisema Saburi.

Zawadi aliinamia glasi yake ya juisi. Sauti ikaja tena, karibu kabisa: binti huyu asiende. Eugenia akaikemea kimoyomoyo kama anavyomkemea paka anayenyemelea nyama. Kijana anataka mkewe apumzike, nayo ni dhambi? Yeye aliyemwamsha mtoto huyu alfajiri miaka yote hiyo, lini alimwambia apumzike? Njia nzima ya kurudi alijichukia. Kumbe adui aliyekuwa akimsaka Kisarawe alikuwa amelala naye kitanda kimoja huku Kongowe.

Jumamosi alifunga. Aliomba jambo moja tu: Baba, kama hiki ni choyo changu, nizibe mdomo.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mchungaji alisoma majina, akainua uso.

"Mwenye pingamizi asimame."

"Simama," sauti ilisema. Haikumkaripia, ilimsihi.

Zawadi akageuka. Safari hii hakuyapitia mabenchi. Alimtazama Eugenia peke yake, machozi yamemlengalenga, na Eugenia aliyaelewa macho yale: mama, usiniaibishe mbele za watu. Akaushika ubao wa benchi mpaka vidole vikamuuma. Akamtabasamia.

Mchungaji akafunga kitabu, akinamama wakapiga vigelegele. Eugenia alijiona mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kwa mara ya kwanza tangu posa alikuwa na uhakika kwamba ameishinda nafsi yake, na sauti nayo ilikuwa imenyamaza kabisa.

Nje, Zawadi alimwangukia kifuani akalia kwa kwikwi.

"Basi, mwanangu, yamekwisha," Eugenia alimbembeleza akimpapasa mgongo. "Mungu amekwisha kusema."

"Ndiyo, mama, amesema." Zawadi alijifuta uso kwa pindo la khanga. Ng'ambo ya uwanja Saburi alikuwa akimwita kwa kidole. "Jumapili zote tatu nilimwomba Mungu, kama ndoa hii si mapenzi yake, amsimamishe mtu mmoja tu. Nilidhani angekutuma wewe."