Namba ya Aikande

Kila mtu ndani ya nyumba, na kila kifaa, ana namba yake kwenye jedwali la kompyuta inayoiendesha nyumba, na mtu akifa namba haifutwi mpaka mzazi wake aandike kwamba amepokea taarifa. Mimi sikuandika kwa miaka miwili. Kwa hiyo kila alfajiri nyumba ilimchemshia Aikande wangu maji ya kuoga, ikayaacha yapoe, ikayamwaga.

"Mama Aikande," mume wangu, Elirehema, aliniambia jana, "maji yenyewe ya mgao, na wewe bado unamwogesha marehemu."

Nilikwenda kwenye skrini ya ukutani kwa hasira, nikaandika amri ya kuonyesha jedwali, nikitaka tu aone kwamba mtoto bado yumo. Mistari ikashuka. Taa ya jikoni, inafanya kazi. Mlango wa nyuma, umelala. Namba thelathini na moja, Aikande: amemaliza, anamsubiri mzazi.

Anamsubiri mzazi! Miaka miwili yote mwanangu amesimama hapo, anangoja nimruhusu aende.

Nikaandika kwamba nimepokea. Mstari wake ukafutika, namba ikabaki wazi.

Leo asubuhi bomba la bafuni lilitoa maji ya baridi. Mchana Elirehema akaniletea pasi mpya, nadhani ndiyo pole yake. Alipoichomeka, nyumba ikasema, kwa sauti ileile iliyotupokea siku tuliyomleta Aikande kutoka hospitali:

"Karibu nyumbani, namba thelathini na moja."