Povu Jeupe

Baba Odile alitema, nikaangalia chini. Povu lilikuwa jeupe.

Tangu anioe alikuwa akitema damu kila anapopiga mswaki. Fizi zake zilivimba, zikanuka, nami nikalala na harufu hiyo. Nilimpashia maji ya chumvi asukutue. Nilimsihi aende hospitali. Alinijibu kwamba damu ya fizi si ugonjwa.

Jana karudi kutoka machimbo ya Salamabila, fizi zimekaza. Leo anasugua polepole pale fizi inaposhikana na jino, kama mtu aliyefundishwa.

“Dokta alinikwangulia ile uchafu ya kuganda ku meno,” akasema. “Eti kama ningechelewa, meno ingeanguka.”

“Na nani alikutuma kwa dokta?”

“Mutu tu. Aliniambia kinywa yangu iko inanuka.”

Kikombe cha maji kilibaki mkononi mwangu. Harufu ile haikusikika mezani wala barabarani. Niliijua kwa sababu ya kulalia naye mto mmoja.

“Huyo mutu,” nikamuuliza, “alikuwa amelala upande gani?”

Alirudisha mswaki kinywani, akasugua kwa nguvu mpaka povu likawa jekundu.