Mtani wa Ambrosi

Mwanamke aliwapita waombolezaji bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza lililokuwa wazi, akamvuta marehemu pua.

"Amekufa kweli huyu?" aliuliza. "Isije ikawa uvivu wake tu."

Karakana nzima ya marehemu ikaangua kicheko. "Watani wameingia!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na Magreth, mjane wa marehemu, akashusha pumzi. Msiba wa Mnyamwezi usio na Mgogo wa kuutukana haunogi. Ndivyo ilivyo tangu mababu walipokuwa wakipitiana na mizigo kichwani kwenye njia ya misafara. Watani wa ukoo walikuwa wakisubiriwa kutoka Dodoma tangu asubuhi. Mwanamke huyu alikuwa amevaa aproni iliyoganda udongo, na watani, kama ijulikanavyo, hupenda kuvaa nguo za marehemu.

Alifika kwa wakati, maana hotuba zilikuwa zimefikia kutia kichefuchefu. Wafinyanzi wa Kanyenye, wenye kucha safi kuliko za makarani, walikuwa wamepokezana kumwita marehemu Ambrosi "mwalimu wetu." Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hawa walikuwa wanalia pilau la msiba kwenye sahani za Kichina, huku wakisifia udongo.

Aliyewazidi wote ni Bwana Octavian, mtu wa makumbusho aliyetoka Dar es Salaam. Yeye alikuja kwa ajili ya Mtungi wa Msafara, uliokaa mezani kando ya jeneza: tumbo pana, wapagazi wamechorwa wakiuzunguka, na mbele yake kadi yenye jina la Ambrosi. Mazishi yakiisha angeondoka nao, ukakae makumbusho na jina hilo, vizazi na vizazi. Magreth hakumwomba Mungu kingine siku hiyo ila mtungi ufike salama.

Mwanamke aliinyakua ile kadi.

"Nani kaandika uongo huu? Ambrosi afinyange mtungi? Huyu hata tonge la ugali lilimshinda kufinyanga!"

Watu wakapiga makofi.

"Kila wiki anawaaga, 'Naenda Kipalapala kufuata udongo.' Haya, niambieni wenye akili: udongo gani huo unaorudi kwenye pikapu umeshaota vishikio?"

Octavian alicheka mpaka akavua miwani. Padri alijiziba mdomo kwa kitabu cha sala.

"Mtungi huu nimeufinyanga mimi," mwanamke akaendelea. "Masika, banda linavuja, mwana yuko mgongoni ana homa. Na huyu mbwa kakaa kwenye kigoda changu, anakunywa uji wangu, ananiambia, 'Fanya haraka, mama, watu wa mjini wananisubiri.'"

"Mtani huyu kiboko!" akasema mfinyanzi mmoja, akijipangusa macho.

"Hamuamini? Tupime."

Akauburuta mtungi hadi ukingoni mwa meza. Chini ya kishikio palikuwa na kibonyeo, pale mfinyanzi anapokandamiza udongo kwa kidole gumba ili ushike. Akatumbukiza kidole chake, kikazama sawasawa. Kisha akauinua mkono wa Ambrosi, rozari ikining'inia, akajaribu kuchomeka gumba la marehemu, nene kama muhogo. Likagoma mlangoni.

"Ingiza basi, fundi! Au umevimba kwa sifa?"

Hapo hata Magreth alicheka, akaona haya, akacheka tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka yule mwanamke, na watu wakazidi kumsifu, maana mtani hodari hutukana na kulia kwa pamoja.

Alipojifuta uso, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nauchukua mtungi."

Octavian akamtazama mjane kwa wasiwasi.

"Mwache achukue, baba," Magreth akasema. "Mtani hanyimwi kitu msibani. Tukirudi kutoka makaburini tutaukomboa kwa kuku, ndiyo mila yenyewe."

Basi Bwana Octavian, ambaye mila aliijua kwa kuisoma tu, alitaka aonekane mwenyeji. Akakunja mikono ya shati, akauinua mtungi yeye mwenyewe na kumtwisha mwanamke juu ya kata ya kitenge.

"Asante, baba," mwanamke akamwambia. "Wewe ndiye mtu wa kwanza wa mjini kunitwisha kilicho changu."

Wakacheka tena. Kile kikadi alikirusha jenezani. "Hiki mzikeni nacho." Akatoka getini, shingo imenyooka, akashika barabara bila kugeuka.

Padri alikuwa ameshafunua kitabu cha sala basi dogo liliposimama nje, jekundu kwa vumbi. Wakashuka wanaume na wanawake wakipiga vigelegele. Mmoja amevaa gunia, mwingine anajipepea kwa ungo. Mbele yao alikuwa Mzee Eliya, mtani mkuu wa ukoo ule, fimbo begani.

"Yuko wapi huyo Mnyamwezi mlafi?" akanguruma. "Gari limetufia Manyoni! Tukasema si kitu, atasubiri, leo hana pa kwenda!"

Magreth alimpokea kwa mikono miwili, bado anatabasamu.

"Karibuni, watani. Mwenzenu aliyetangulia ametuvunja mbavu kweli."

Mzee Eliya akageuka, akawatazama watu wake mmoja mmoja.

"Mwenzetu yupi, mke wangu? Wagogo wote si ndio sisi hawa tunaoshuka?"