Siku Solo Aliposhuka Jukwaani

Gari la mikate lilikuwa limeshapita kona ya pili ndipo walipogundua kwamba wamemwacha Nusu.

"Mwache," alisema mwoka mikate, mwenye gari. "Kukosa ndiyo kazi yake."

"Rudi, bwana. Usiwe hivyo," muuguzi alimwambia, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Waliporudi, Nusu, fundi viatu, alikuwa bado amesimama mbele ya kibanda chake, shati limepigwa pasi, uso kaugeuzia kwingine kama mtu anayesubiri gari jingine. Akapanda nyuma ya viti vyao, akakaa juu ya kreti tupu.

Walikuwa wanakwenda kumwona Solo, mpiga gitaa wa bendi waliyoipenda ujanani. Alikuwa mgonjwa, na alituma salamu kwamba angependa kuwaona wale waliokuwepo ukumbini siku ile.

Siku ile haikuhitaji maelezo. Ilikuwa bendi ya kupiga wimbo mmoja mpaka jasho liloweshe sakafu. Ngoma zikichoka gitaa linapokea, gitaa likinyamaza tarumbeta inaingia. Solo naye alikuwa na mtindo wake. Alishuka jukwaani katikati ya wimbo, akajichanganya na watu, nao wakambeba juu juu kumrudisha, na wimbo ukaanza upya. Siku ile alishuka mara tatu, na mara tatu wakamrudisha. Watu walitoka pale hawana sauti. Tangu hapo mashabiki walikuwa wakikutana kila mwaka sebuleni kwa muuguzi, kuusimulia upya wimbo ule kana kwamba hakuna aliyewahi kuusikia.

Nusu aliondoka katikati. Viatu vilimbana, na viatu vyenyewe alijishonea kwa mkono wake. Jina likamganda hapo hapo, na hata wanawe shuleni waliitwa watoto wa Nusu.

"Ile mara ya tatu," mwoka mikate alianza, maana safari bila hadithi hiyo haikuwa safari, "Solo aliliweka gitaa chini kabisa. Mtu gani anafanya hivyo? Nikasema huyu anatujaribu. Nikamvisha mwenyewe, kwa mikono hii."

"Mimi nilimshika mguu," muuguzi alisema. "Alivyorusha mateke yule, akanivua kiatu."

"Wewe kilivuliwa. Kuna mwenzetu kiatu kilimtoa ukumbini."

Walicheka. Nusu akacheka nao, amechelewa kidogo.

"Mimi nami nina kahadithi kangu," alisema. "Nilipokuwa natoka, mtu mmoja pale nje akaniuliza wanamaliza saa ngapi. Nikamwambia, hawa? Hawa hawamalizi leo. Nenda kalale."

Safari hii walicheka kwa ajili yake. Mwoka mikate alipiga usukani kofi. "Hiyo umwambie Solo," alisema. "Atapona."

Nusu alikaa akikarudia kimoyomoyo njia nzima, wapi apumzike, wapi aseme haraka. Alichotaka ni kuhesabiwa tu, mara moja, kwamba na yeye alikuwepo.

Solo alilala karibu na dirisha, mkono wa kulia juu ya blanketi kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Dada yake akaleta viti na chai. Solo akawauliza mmoja mmoja alikuwa wapi siku ile. Mwoka mikate akaeleza la gitaa, na muuguzi akaeleza la mguu. Solo alisikiliza bila kutabasamu.

"Nilikuwa nashuka kumfuata baba," alisema.

Muuguzi akakiweka kikombe chini.

"Alinifukuza nyumbani kwa ajili ya gitaa. Siku ile nikamwona kule nyuma, amesimama peke yake. Amekuja. Nikashuka, mkanirudisha. Nikawaambia, mkadhani naimba. Mara ya tatu nikatupa macho, hayupo. Sikumwona tena mpaka nilipoitwa kumzika."

Mwoka mikate aliitazama mikono yake, halafu akaificha katikati ya magoti. Muuguzi akaanza, "Kaka, sisi tulidhani..." akaishia hapo.

Solo akamgeukia Nusu. "Na wewe ulinishika wapi?"

"Sikukushika. Nilikuwa nimeshatoka." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo bila kuinamisha kichwa. Kale kahadithi kake akakaacha, hapakuwa mahali pake.

Solo akamnyooshea mkono wa kushoto, na hakumwachia mpaka walipoaga. Wakati wa kurudi, muuguzi alipanda nyuma kwenye kreti bila kuambiwa, na Nusu akakaa mbele.

Mikutano ya sebuleni haikuitishwa tena. Mwoka mikate aliuza tanuri akahamia kwa binti yake, na redio ikipiga bendi ile anaizima. Muuguzi yupo, magoti yanamsumbua. Akiulizwa habari za siku ile anasema amesahau. Solo alifariki mwaka huo huo. Gitaa aliagiza apewe Nusu, kwa kuwa ndiye peke yake ambaye hakumrudisha jukwaani. Dada wa marehemu alilileta kibandani mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema kuna jambo hakuwa na moyo wa kumwambia kaka yake akiwa hai: baba yao hakuondoka kwa hasira, alitoka nje kumsubiri mwanawe amalize, na kijana mmoja pale nje akamwambia hawamalizi leo, aende akalale. Nusu akampa pole, akalipokea gitaa kwa mikono miwili.