Naomba Msogee

Siku ya mahafali Hidaya alipanda jukwaani kutoa hotuba ya shukrani. Badala ya kushukuru, aliuliza kwa nini bweni la wasichana linageuzwa kuwa ofisi za halmashauri. Mwalimu Sikudhani, aliyemfundisha kuhutubia, aliketi mstari wa mbele. Hotuba ile waliipanga pamoja.

Mwalimu mkuu akamwinamia. "Mwambie mwanafunzi wako ashuke. Mgeni rasmi amekasirika."

"Hajamaliza, mkuu."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka. Ndiyo hii ninayoifanya."

Mwalimu mkuu akainua mkono, na fundi akazima kipaza sauti. Wazazi wa nyuma wakaanza kuulizana binti anasema nini. Hidaya akamtazama mwalimu wake. Sikudhani hakumpa ishara yoyote. Uamuzi sasa ulikuwa wa binti mwenyewe.

Hidaya akashuka, akaenda kusimama katikati ya uwanja, juani.

"Wazazi wangu," alisema kwa utulivu, "nilikuwa nawaeleza tulivyokuwa tukitembea alfajiri kabla hatujapata bweni, na yaliyompata dada yangu njiani. Naomba msogee."

Mama mmoja akainuka, akajitwika kiti chake cha plastiki, akamsogelea. Wa pili akamfuata, kisha mstari mzima ukaondoka.

Sikudhani naye akabeba kiti chake. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Samahani, mkuu," alisema. "Naomba njia."